Chumba Chenye Kamba Mlangoni

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha chumba cha ghorofa ya sita katika hoteli ninayofanyia kazi, mtaa wa The Pearl hapa Doha. Niliinama kuvuta shuka iliyoangukia nyuma ya kitanda, nikaona viatu vya mtoto. Vilikuwa vimepangwa kisigino kwa kisigino, kana kwamba mwenyewe amekwenda kuoga tu na atarudi kuvivaa. Wageni wa chumba kile walikuwa wameondoka tangu asubuhi. Kazini kwetu kitu kilichosahauliwa hukiokoti peke yako. Unamwita mwenzako ashuhudie, kisha mnakipeleka chini pamoja. Nikamwita Akinyi wa Kisumu. Alinikuta nimesimama mbali na kitanda.

"Ni viatu tu," akasema. "Ama umeona nyoka?"

"Viokote wewe."

"Aki watu wa Tanga mko na mambo." Akaviokota kwa vidole viwili, akanicheka mpaka tukafika kwenye lifti.

Sikumweleza. Kusema mbele za watu kumenishinda tangu utoto, ndiyo maana nayaandika haya. Wenzangu mliokulia Doha, wazazi wenu wakiwa madereva na walinzi na wafanyakazi wa nyumbani, nadhani mtanielewa upesi kuliko Akinyi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani wa Kipakistani ambaye mashine yake ilitetemesha sakafu yetu. Baba alikuwa dereva wa basi la hoteli. Mama alikuwa akilea mapacha wa familia ya Kimarekani, wavulana wawili ambao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kutembea. Mama wa mapacha tulimwita Madam, kama wote huku wanavyoita.

Mama alikuwa na desturi moja. Kila jioni kabla ya kuondoka kazini, alisimama mlangoni, akafungua mkoba wake na kuupanua mbele ya Madam: kitambaa, simu, sanduku la chakula tupu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alifundishwa na wanawake aliowakuta kazini mwaka wake wa kwanza, na alinipeleka kazini kwake mara nyingi kiasi kwamba nami niliona ni sehemu ya kuaga. Madam kila siku aligeuza uso pembeni. "Please, hakuna haja," alisema. Mama aliendelea kuushika mkoba wazi mpaka amalize kuhesabu pumzi zake, ndipo akaufunga. Njiani niliwahi kumuuliza kwa nini anaonyesha kitu ambacho mtu hataki kukiona.

"Asiyetazama leo," akasema, "siku kitu kikipotea atakumbuka kwamba hakutazama."

Kiangazi kilipofika, lami ikawa laini kama mkate, na Wamarekani wakaanza kufunga safari za kwao. Madam akamwomba Mama aende nao wiki tatu, amsaidie kulea mapacha nyumbani kwa mama yake yeye Madam. Akasema na mimi niende, nikachezeshe watoto. Mama alirudi na habari hiyo akiwa na furaha ambayo aliificha vibaya. Baba aliacha kula.

"Na mtoto pia?"

"Na mtoto pia."

"Mzungu hasafirishi mtoto wa mtu kwa ajili ya kuchezesha," Baba akasema, kisha akanigeukia akitabasamu. "Wewe, usiwe mzuri sana huko. Wakikupenda watakubakiza."

Ulikuwa utani. Mimi niliubeba safari nzima ya ndege kama mtu aliyepakatishwa chungu chenye kitu cha moto.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, ukingoni mwa mto mpana wenye rangi ya chai iliyopungukiwa maziwa. Barabara zilikuwa za matofali, na miti ilikuwa mikubwa mno hata mizizi ikayainua matofali hayo kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi. Kulikuwa na ukuta mrefu wa kuzuia maji, umechorwa mistari kuonyesha mto ulifika wapi kila ulipofurika. Mstari wa juu kabisa ulituzidi mimi na Mama, hata kama ningesimama mabegani mwake. Kulinuka tope na majani yaliyokatwa. Meli ya watalii yenye gurudumu kubwa la mbao nyuma ilipita ikilia kama ng'ombe, na watu waliikimbilia kuipiga picha kana kwamba haikupita jana.

Mama alizaliwa Pangani, na Pangani nako kuna mto na majumba ya kale. "Kwetu wazungu wanakuja kutazama magofu yetu," aliniambia tukisukuma kigari cha mapacha. "Leo na sisi tumekuja kutazama yao. Sasa hatudaiani." Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama jinsi kila mtu tuliyepishana naye alivyotusalimu. Doha mtu asiyekujua hakusalimii bila sababu. Hawa walisalimia wote, tena kwa meno yote, nami nikajiuliza wameambiwa nini juu yetu.

Mama yake Madam aliitwa Ruth, na Mama alimwita Bi Ruth siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikuwa mjane mrefu, mwenye mikono iliyojaa madoa ya uzee. Alijitolea kuwazungusha watalii katika nyumba ya kale iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwake. Kwa kazi hiyo alivaa gauni pana la zamani lililofagia sakafu. Mama alipomwona nalo alininong'oneza, "Kumbe na wao wana mabuibui yao."

Alitupeleka huko siku ya tatu. Mlango ulikuwa wazi. Watalii wengine waliingia moja kwa moja, Mama akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

Bi Ruth alimuuliza anamsemesha nani.

"Wenyewe."

"Wenyewe wamekufa zamani sana," Bi Ruth akasema kwa upole.

Mama akashuka ngazi moja. Ilibidi Madam amshike mkono, ndipo akaingia, na bado alitembea kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amelala chumba cha pili.

Sijui niwaelezeje nyumba ile. Meza ilikuwa imeandaliwa, sahani, glasi, vijiko, hakuna chakula. Miwani ilikuwa imewekwa juu ya kitabu kilichofunguliwa. Kofia ya mwanamume ilining'inia kwenye msumari. Kila kitu kilinuka nta. Kila chumba kilikuwa na kamba nene nyekundu mlangoni, watu wakasimama nyuma ya kamba wakitazama vitanda vya watu.

Bibi yangu alikuwa amefariki Pangani mwaka mmoja kabla, na nilijua kifo kinafanya nini kwa vitu. Kabla arobaini haijapita kanga zake zilikuwa zimegawanywa, godoro limetolewa, viatu vyake kapewa jirani aliyemwosha. Kanga moja ilitumwa mpaka Doha. Mtu akifa vitu vyake vinatawanyika. Hilo ndilo linalokuhakikishia kwamba hatarudi. Kwa hiyo niliposikia kwamba wenyewe wamekufa, na huku nikiona miwani juu ya kitabu, nilijua tunadanganywa. Watu wa nyumba ile walikuwa mahali fulani, au kuna watu wengine walikuwa wanangojewa.

Juu kulikuwa na chumba cha mtoto. Kitanda kifupi, mwanasesere mwenye uso wa udongo, kibao cha kuandikia, gauni jeupe limelazwa kitandani kwa urefu wake. Chini ya kitanda, viatu vyeusi vya vifungo. Watalii walipiga picha wakashuka. Bi Ruth aliniita nibaki. Akafungua kamba, akaniashiria niingie, mimi peke yangu. Aliinua lile gauni akalipima mabegani mwangu. Kisha akapiga magoti, gauni lake likafanya sauti kama karatasi, akaweka kiatu kimoja kando ya mguu wangu.

"Sawasawa kabisa," akasema, akatabasamu kumwelekea Mama.

Na Mama akatabasamu pia.

Tulipotoka uani, Mama alisimama mbele ya kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, ambacho Bi Ruth alikipita bila kugeuka. Akauliza ni cha nani. Bi Ruth alijibu kwamba hapo walikaa waliofanya kazi za nyumba. Mama alichungulia. Ndani hamkuwa na kitu hata kimoja, sakafu tu. "Hapa viatu hawakutunza," akaniambia kwa Kiswahili, na hatukulizungumza tena.

Kuanzia siku hiyo niliona mengi. Bi Ruth aliniuliza kama naogopa giza. Aliniuliza napenda kunywa nini asubuhi. Alinipeleka kwenye shule iliyofungwa kwa likizo, tukatazama madawati kupitia dirishani, akaniuliza ningependa kukaa lipi. Alininunulia mkoba wa shule. Na Mama, ambaye nyumbani hakucheka hovyo, sasa alicheka kwa kila alichosema yule bibi. Alimpigia pasi vitambaa vya meza bila kuombwa. Alimsugulia masufuria ya shaba mpaka tukajiona ndani yake. Mchana mmoja mapacha wakiwa wamelala, niliwasikia watatu barazani, Mama, Madam na Bi Ruth. Kiingereza cha Madam nilikizoea, cha Bi Ruth kilinipita, lakini cha Mama nilikifuata chote. Alisema mimi ni mtulivu. Alisema sili sana. Alisema, "Hatakusumbua, Bi Ruth, utadhani hayupo."

Nikaunganisha. Chumba kilikuwa kimeandaliwa. Gauni lilikuwa limepimwa. Kiatu kilikuwa kimetosha. Ningelala nyuma ya ile kamba, nisimsumbue mtu, na kila Jumamosi watu wangekuja kunitazama kisha washuke. Msicheke. Ilinijia kama hesabu iliyokubali, kila tarakimu mahali pake.

Baba alipopiga simu, Mama aliweka spika, na wote walikuwepo sebuleni.

"Mwanangu hujambo? Hujawa mzuri sana bado?"

"Sijambo," nikasema. Bi Ruth alikuwa akinitazama, basi nikamrudishia Mama simu.

Jumamosi tukaenda tena, Bi Ruth akiwa na zamu. Mama alibaki uani na mapacha. Nilingoja watalii wajae chini, nikapanda, nikapita chini ya kamba. Sakafu ililia chini ya miguu yangu. Gauni lilikuwa kubwa mno kufichika, na mwanasesere sikuthubutu kumgusa, lakini viatu nilivichukua. Niliamini vikikosekana mpango mzima utavunjika, kwa sababu vilikuwa vimetosha. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama ganda la embe kavu. Nilivisokomeza chini ya pampasi kwenye kapu la kigari, na Mama mwenyewe akavisukuma mpaka mtoni bila kujua.

Mapacha walitaka aisikrimu. Mama akasimama kwenye foleni, nami nikasema naenda kutazama meli. Mwishoni mwa gati la mbao nilichuchumaa, nikazamisha mikono pamoja na viatu, nikaviachia. Kimoja kilizama hapo hapo. Kingine kiligeuka, kikaelea kifudifudi, kikaenda zake polepole kama kinajua njia. Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Niliporudi Mama alinipa koni yangu. Ilikuwa na ladha ya ndizi. Niliila yote.

Jumapili baada ya chakula, Bi Ruth aliingia jikoni bila kutabasamu. Alimwambia Madam, si Mama, kwamba wenzake wa nyumba ya kale wanauliza juu ya kitu kilichokosekana chumba cha juu. Alisema viatu vile havina pacha wake katika mji mzima. Alisema huenda mtalii fulani. Mama akafuta mikono, akaenda chumbani.

Alirudi akiburuta masanduku yetu yote mawili. Aliyapeleka barazani, kwenye mwanga, akayafungua. Alitoa kanga akazikung'uta moja moja. Alitoa nguo zake za ndani akazipanga kwenye ubao wa baraza. Mswala, chaja, kopo la bizari, zawadi ya Baba ikiwa bado ndani ya karatasi. Alipindua soksi. Watu wawili waliokuwa wakipita na mbwa walipunguza mwendo.

"Tafadhali acha," Madam akasema. "Tafadhali. Hakuna aliyesema ni wewe."

"Najua, Madam."

"Sikusema ni wewe," Bi Ruth akasema pia, na shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Najua, Bi Ruth. Tazama tu."

Akafungua na begi langu. Na mkoba mpya wa shule, akaupindua chini juu, ikaanguka kalamu moja. Nilisimama kando ya nguzo nikingoja anigeukie. Hakunigeukia. Alipomaliza alirudisha kila kitu ndani, akikunja kwa mikunjo ileile, na mkoba wa shule akaurudisha mikononi mwa Bi Ruth. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo pia.

Sikusikia tena habari za dawati wala giza. Wiki iliyobaki Bi Ruth alitupa chakula kizuri, akatuuliza kama tumeshiba. Nilifurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi sana, na kwenye ndege nililala njia nzima.

Tuliporudi Doha, Mama aliendelea na kazi, akaendelea kufungua mkoba wake mlangoni kila jioni. Tofauti ilikuwa moja tu, Madam hakugeuza uso tena. Alitazama. Haraka, kwa aibu, lakini alitazama. Kabla mwaka haujaisha Mama akaacha kazi ile, na nyingine ya kufanana nayo hakuipata, kwa sababu kila mwajiri alitaka kumpigia simu aliyemtangulia, na Madam hakuwa na la kusema upesi. Nilimaliza la saba. Kampuni ya Baba ikakoma kusaidia ada, na mshahara mmoja haukutosha kunipeleka sekondari ya huku. Wakasema tutangoja mwaka mmoja. Miaka mingine ikaja kwa miguu yake, nami nikafika umri wa kuajiriwa.

Vile viatu vya ghorofa ya sita ndivyo vilivyonifungua mdomo. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyumbani, Baba yuko msikitini, Mama anakata bamia mezani. Nilisimama karibu na jokofu, ninaposimama siku zote nikiwa na neno.

"Mama. Vile viatu vya Marekani nilivitupa mimi."

Kisu hakikusimama.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa kwenye foleni, nimekupa mgongo. Lakini mbele yangu kulikuwa na kioo cha yule muuza aisikrimu. Nikakuona umechuchumaa."

Nilihesabu bamia tatu zikikatwa. "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Niseme mwanangu mwizi, halafu nimwache kwao?" Alisukuma vichwa vya bamia pembeni. "Yule bibi nilimwomba mimi, unajua. Madam hakuwa na wazo hilo, ni langu mimi. Ndiyo sababu nilitaka uje. Akusomeshe mpaka umalize. Alikubali Ijumaa. Jumamosi nikakuona mtoni, nikajua hutaki."

"Nilidhani mnaniweka kwenye kile chumba. Chenye kamba. Nilale pale watu wanitazame."

Mama alicheka, kicheko kifupi, kisha kikamfia. Aliweka kisu chini.

"Kwake kulikuwa na chumba, nyuma, upande wa bustani," akasema. "Kitanda alikinunua kipya. Hukukiona?"

"Hakuna aliyenionyesha."

"Alitaka iwe siku ya mwisho. Kwa kukushtukiza."

Chini, mashine ya fundi iliwaka, sakafu ikaanza kutetemeka, ikazima.

"Mbona hukuniambia?" nikasema.

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, na nikaikumbuka foleni ile, jua, mapacha wakipiga kelele. Nilikumbuka kibanda cha mbao chenye turubai la mistari. Kioo sikukikumbuka. Huenda kilikuwepo. Huenda Mama alikuwa amekitengeneza pale pale mezani, ili nisibebe peke yangu miaka yote ile ya mkoba wake kutazamwa. Zamani ningeondoka na shaka hiyo chumbani, nikailea.

"Mama," nikasema, "kile kibanda kilikuwa na kioo kweli?"

Akanisukumia nusu ya bamia upande wangu wa meza.

"Kata," akasema. "Baba yako yu karibu kurudi."